Sailensa ya Kuchomeka: Namna ya Kuifunga, na Sababu ya Polisi Kuizungumzia



Usiku mmoja wa mwaka uliopita, yapata saa mbili, milio mitatu ilifuatana katika kituo kidogo cha biashara kilicho karibu na mpaka wetu na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenye maduka walishusha milango. Bibi mmoja muuza samaki aliliacha beseni lake kando ya barabara, akawashika wajukuu wake wawili mikono na kupanda nao hadi katika shamba la kahawa, wakakaa humo gizani bila kuthubutu hata kukohoa. Askari wa doria walitoka na silaha zao. Ilipofika saa nne ndipo jambo lilipobainika: ilikuwa pikipiki ya bodaboda iliyokuwa ikiteremka mlima, nayo ilikuwa imefungwa sailensa mpya siku ileile.

Huenda msomaji wa mbali akacheka. Huku kwetu hakuna aliyecheka. Tangu usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wanafunzi walipouawa katika shule ya sekondari ya Lhubiriha kule Mpondwe, mlio wa ghafla gizani haupiti masikioni mwetu kama mlio mwingine wowote. Nami nasema hivyo nikiwa mmoja wa wale waliotoka na silaha usiku ule wa pikipiki. Askari anayekwenda mbio kuelekea mlio asioujua ni hatari kwake mwenyewe na kwa kila atakayekutana naye njiani.

Asubuhi yake nilizungumza na yule kijana. Hakuwa mhalifu, wala hakuwa mlevi. Alikuwa amedunduliza fedha kwa miezi kadhaa, akanunua sailensa ya kung'aa, akampelekea fundi wa kando ya njia. Fundi alilikata bomba la zamani kwa msumeno wa chuma, akaichomeka ile mpya juu ya kipande kilichobaki, kisha akaikaza kwa waya wa kufungia nondo. Kijana aliposikia chombo kikilipuka kila anapoachia mafuta, alidhani hiyo ndiyo dalili ya nguvu. Nilimpeleka kwa fundi mwingine, mzee aliyetengeneza pikipiki tangu nikiwa kuruta, na somo hili kwa sehemu kubwa ni lile tulilopewa sote wawili asubuhi ile.

Bomba la moshi hufanya nini

Injini ya pikipiki zetu huchoma mafuta kwa mipigo. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, hewa ya moto iliyobanwa hufyatuka kwa kishindo. Katika injini ya silinda moja yenye mizunguko minne ya kazi, inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, vishindo hivyo huwa 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa kila sekunde. Bila ya sailensa, kila kimoja kingetoka kama kilivyo.

Sailensa ya kiwandani huvituliza vishindo hivyo kwa kuizungusha hewa ndani ya vyumba vidogo vilivyotenganishwa kwa vipande vya bati. Hewa huingia chumba cha kwanza, hurudi nyuma, hupita kwenye mrija mwembamba, hupanuka tena, na kwa kila mpindo hupoteza ukali. Sailensa ya kuchomeka aghalabu hujengwa kwa namna nyingine: mrija mmoja ulionyooka, wenye matundu madogo mengi, uliozungushiwa sufi ya kioo inayonyonya sauti. Mdomoni huwekwa kizibo chenye tundu dogo, kilichoshikwa kwa bolti moja. Vijana wengi huking'oa kizibo hicho siku ya kwanza. Sufi nayo huungua pole pole, hata baada ya muda chombo kilichokuwa na sauti ya wastani kikawa kinanguruma bila ya mtu kukigusa.

Twaiita ya kuchomeka kwa sababu haibadilishi bomba zima. Bomba linalotoka kwenye kichwa cha silinda hubaki mahali pake, na sailensa pekee ndiyo huvuliwa na nyingine kuvishwa. Hapa ndipo penye kosa la kwanza. Katika pikipiki kubwa za Ulaya na Japani, mara nyingi bomba na sailensa ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa klampu, hivyo kubadilisha ni kazi ya nusu saa. Pikipiki ndogo zinazobeba abiria huku kwetu, kwa kawaida, zina bomba na sailensa vilivyochomelewa kuwa kitu kimoja. Hakuna mahali pa kuchomoa wala pa kuchomeka. Ndiyo maana msumeno huitwa, na bomba likishakatwa halirudi.

Kuhusu nguvu, nitasema lile nililoambiwa na yule mzee, ambalo nami nimelishuhudia katika pikipiki zangu mbili. Katika injini ya sentimita za ujazo 100 au 150, kubadilisha sailensa peke yake hakuongezi nguvu ya kumsaidia mtu kupanda mlima na abiria. Kinachoongezeka ni sauti, na sikio huidanganya akili. Zaidi ya hayo, moshi ukitoka kwa urahisi kuliko ilivyokusudiwa huku kabureta ikiwa haijarekebishwa, mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi na mafuta machache, na injini ikachemka. Plagi ndiyo shahidi. Ifunguliwe baada ya safari ya kilomita kadhaa: ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mambo ni sawa, ikiwa nyeupe kama chokaa, vali na pistoni vinaungua, na jeti ya kabureta itafutiwe saizi yake kabla ya safari nyingine.

Kwa nini pikipiki hulipuka kama bunduki

Hili ndilo lililotutoa nje usiku ule, basi nalieleza kwa urefu.

Dereva anapoachia mafuta akiwa kwenye mteremko, injini huendelea kuzungushwa na gurudumu. Mafuta kidogo huingia ndani lakini hayaungui yote, na mabaki hayo hutolewa hadi kwenye bomba. Bomba ni la moto. Kama limefungwa sawasawa, mabaki hayana hewa safi ya kutosha, hivyo hupita na kutoka. Lakini moshi hautoki kwa mkondo mmoja. Hutoka kwa mawimbi, na nyuma ya kila wimbi kuna mvuto. Kiungo kikiwa na mwanya, hata mwembamba kama unene wa karatasi, mvuto huo hunyonya hewa kutoka nje. Sasa mna mafuta, mna hewa na mna moto ndani ya mrija mmoja, na ndipo mlio hutoka. Hivyo mlio ule si alama ya nguvu hata kidogo. Mara nyingi ni alama ya gasketi iliyopasuka au ya klampu isiyobana.

Wako pia wanaoufanya makusudi. Dereva akiwa katika mwendo huzima swichi huku ameshikilia mafuta, sailensa hujaa mvuke wa petroli, kisha huwasha tena. Kishindo chake kinaweza kuipasua sailensa yenyewe kwenye mshono wake. Katika miji mingine hilo huenda likahesabiwa kuwa utundu. Katika vijiji vya mpakani, anayelifanya usiku anawatoa watu vitandani na kuwapeleka porini pamoja na watoto wachanga, na huwafanya wananchi wasijue tena ni mlio upi wa kuitolea polisi taarifa. Hili la pili hunisumbua kuliko la kwanza. Baada ya usiku ule, mwenyekiti mmoja wa LC1 aliniambia waziwazi kwamba watu wake sasa husita kupiga simu, wasije wakaonekana wameogopa pikipiki. Nilimwomba awaambie wapige tu. Nawaomba nanyi: pigeni. Hatutamcheka mtu.

Kufunga kama inavyostahili

Kwanza, kununua. Pima unene wa bomba lako kabla ya kwenda dukani. Asiye na kipimo cha fundi achukue uzi, auzungushe bomba mara moja, aupime kwa rula, kisha agawanye kwa 3.14. Uzi wa milimita 88 una maana ya bomba la milimita 28. Mdomo wa sailensa upite juu ya bomba kwa kubana. Mwanya ukizidi kama milimita moja, itafutwe pete maalumu ya kujazia. Kipande cha kopo la maziwa, ambacho nimekiona zaidi ya mara moja, hupinda kwa joto ndani ya wiki moja. Tazama kama kizibo cha mdomoni kipo. Tazama pia kama pana mhuri wa herufi E ndani ya duara pamoja na namba, ambao huonyesha kwamba sailensa ilipimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa za vipuri vya namna hii. Mihuri hughushiwa, kwa hiyo usiuamini peke yake, lakini muuzaji asiyejua hata mahali ulipo anakuambia kitu. Na udai risiti, hasa kwa sailensa iliyotumika. Kipuri kisicho na risiti kimewahi kumlaza mtu mahabusu kwa wizi uliofanywa na mwingine.

Ikiwa bomba lako ni la kipande kimoja, ushauri wangu ni usilikate. Tafuta bomba zima lililotengenezwa kwa ajili ya aina ya pikipiki yako, au nunua bomba kuukuu likatwe hilo, na la asili libaki zima. Kama ni lazima kuchomelea, bomba livuliwe kwanza lipelekwe kando. Nimewaona mafundi wakichomelea likiwa chini ya tangi la petroli, na sina neno la adabu la kulielezea jambo hilo.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa na chombo kikiwa wima juu ya stendi kubwa. Nati mbili zinazoshika bomba kwenye kichwa cha silinda huwa zimeota kutu. Zipakwe mafuta ya kulegeza, zisubiriwe, kisha zifunguliwe pole pole kwa kwenda mbele na nyuma. Anayezilazimisha huvunja stadi, na kuitoa stadi iliyovunjika ndani ya aluminiamu kunaweza kugharimu kuliko sailensa. Bomba likitoka, gasketi ya pete iliyo ndani ya tundu itolewe na itupwe. Isirudishwe ya zamani hata ikionekana nzima, kwa kuwa imeshabanwa na haitabana tena. Gasketi mpya ni kitu kidogo sana kwa bei, na mara nyingi ndiyo tofauti kati ya pikipiki tulivu na ile iliyotutoa nje usiku.

Mahali pa kuchomeka pasuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, pafutwe, na papakwe dawa ya kuzibia mabomba ya moshi inayostahimili moto. Gundi ya kawaida ya silikoni huungua. Sailensa iingizwe hadi mwisho wa mkono wake, klampu iwekwe juu ya sehemu yenye mpasuo, na kila bolti ishikwe kwa vidole tu kwanza. Sasa simama nyuma utazame: je, sailensa imelala sambamba na chombo, au inavutwa upande? Kisha kaza kwa mpangilio huu. Anza na nati za kichwa cha silinda, kidogo huku, kidogo kule, zibane kwa usawa. Fuata klampu. Malizia na bolti ya kuning'inizia. Anayeanza na ile ya nyuma hulivuta bomba lote, na mtetemo hulipasua kwenye mshono baada ya miezi michache. Halafu husema kipuri kilikuwa kibovu.

Kabla ya kuwasha, wapandishe watu wawili wazito uone kiti kinavyoshuka. Sailensa isiguse gurudumu, wala mkono wa gurudumu, wala waya wa breki. Tazama pia mahali pa mguu wa abiria. Sailensa ya kiwandani huwa na bati la kukinga joto. Nyingi za kuchomeka hazina, nazo huwa juu zaidi. Akina mama wanaopanda na watoto wadogo wanajua kovu ninalolisema, lile la mviringo kwenye ndama ya mguu. Bati la kukinga likichomelewa kwa nafasi ya kidole kimoja juu ya sailensa, mguu husalimika. Na aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya kupikia visipakwe.

Jaribio hufanywa nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Washa injini ikiwa bado baridi. Mwenzako azibe mdomo wa sailensa kwa kitambaa kinene kilicholoa kwa sekunde mbili au tatu tu, nawe usikilize kwenye viungo. Mahali panaposikika kama nyoka anapuliza ndipo panapovuja. Maji ya sabuni pia hutoa mapovu papo hapo. Kinachovuja kisiende barabarani.

Masikio ya dereva, na sheria

Msomaji ataniuliza, na ikiwa imefungwa vizuri lakini inanguruma tu? Nitajibu kwa upande wa dereva kwanza. Wataalamu wa afya kazini huhesabu kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15. Mtu wa bodaboda hukaa juu ya chombo chake tangu alfajiri hadi usiku. Sikio likishakufa halina dawa, na kabla halijafa huwa limeshaacha kusikia honi ya lori linalokuja nyuma kwenye mteremko wa kuelekea forodhani. Wanaozijua barabara zetu wanajua malori hayo yana uzito gani.

Kwa upande wa sheria, Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968 unataka kila injini ya chombo cha barabarani iwe na kizuia sauti kinachofanya kazi ipasavyo. Hapa Uganda tuna Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, na pia Kanuni za Taifa za Mazingira kuhusu kelele za mwaka 2003. Majirani zetu wa Kenya wana Sheria yao ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni zao za kelele za mwaka 2009. Motari anayeuvuka mto Lubiriha kutoka Kasindi huwa chini ya sheria za hapa akishafika ng'ambo hii, kama vile mtu wetu anavyokuwa chini ya zao. Mimi simkatazi mtu kipuri kwa kuwa hakikutoka kiwandani kwake. Ninachokikataa ni bomba lisilo na sailensa, kizibo kilichong'olewa, na milio ya makusudi. Mwenye shaka alete chombo kituoni mchana, kabla ya kununua, aonane na afisa wa usalama barabarani. Kuuliza si kosa.

Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani, kule Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria kutoka boda moja hadi nyingine. Sisi wa mipakani ndio wenye kazi hii kwa asili yake, na nadhani twaweza kuwa wakali juu yake kuliko watu wa mijini.

Yule kijana alikwenda na mzee wake mmoja kumwomba radhi bibi wa samaki. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akamwita mjukuu wangu, kisha akamdai bei ya beseni na samaki waliokanyagwa. Alilipa. Sailensa yake ilifungwa upya kwa gasketi, pete na klampu, kizibo kikarudishwa, na hadi leo pikipiki hiyo hupita mbele ya kituo chetu bila kumgeuza mtu kichwa.

Limebaki jambo moja la ufundi. Chuma hupanuka kwa joto na kusinyaa kikipoa, hivyo baada ya siku ya kwanza, injini ikiwa baridi, pitisha spana tena kwenye kila nati, na urudie baada ya wiki. Sailensa ya asili uliyoivua isiuzwe. Ikaushwe, mdomo uzibwe kwa kitambaa chenye mafuta, na itundikwe mahali pakavu, kwa kuwa sufi ya ile mpya ikiungua utaihitaji. Ya kijana wetu ilikuwa imekatwa vipande viwili na kuuzwa kama chuma chakavu kabla hatujafika, na imembidi anunue nyingine.